Eksirei na Altrasaundi Katika Nyanda za Juu za Buha

Mwezi wa Oktoba 2022, katika ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan mkoani Kigoma, mitambo ya dizeli iliyokuwa ikiuwashia mji wa Kasulu taa kwa miaka mingi ilizimwa, na umeme wa gridi ya Taifa, ambao hapo kabla ulikuwa kama mto unaopita jirani ya shamba lililokauka, ukaanza kuingia katika nyanda za juu za Buha, nchi ya Waha. Magazeti yaliandika habari za mashine za kusaga, viwanda vidogo na majokofu, nayo yaliandika kweli. Lakini walikuwapo pia watu wa kazi moja, wachache kwa idadi na wasiotajwa mara nyingi, ambao walikuwa na sababu yao mahususi ya kufurahi, nao ni wale wanaopiga picha za wagonjwa hospitalini. Maana eksirei, kabla haijawa jambo la tiba, ni jambo la umeme. Ili kivuli cha kifua cha mtu mzima kitoke sawasawa, mtambo hutaka msukumo wa makumi ya maelfu ya volti kwa sehemu ndogo ya sekunde moja. Umeme ukilegea katika sehemu hiyo ya sekunde, picha hutoka hafifu, na picha hafifu hurudiwa, na kurudiwa ni kumpitisha mgonjwa katika mionzi mara ya pili, pasipo kosa lake.

Shida hii si ya Kasulu na wilaya jirani ya Kibondo peke yao, wala si ya zama hizi tu. Wilhelm Conrad Röntgen, profesa wa fizikia katika mji wa Würzburg, Ujerumani, aliigundua mionzi hiyo tarehe 8 Novemba 1895, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameupiga picha mkono wa mkewe, Anna Bertha, mifupa yake ikionekana bayana na pete ikielea kidoleni. Hakutaka hataza wala faida, akawaachia walimwengu elimu ile bure. Basi haikupita hata miaka mitatu ikawa inatumika Afrika, hata vitani. Mwaka 1898, katika kampeni ya Waingereza nchini Sudan, tabibu wa jeshi aliyeitwa John Battersby alifungua chumba cha eksirei kando ya Mto Nile, na kwa kuwa huko hakukuwa na umeme, aliuzalisha kwa baiskeli ya kukaliwa na watu wawili, askari wakikanyaga pedali katika joto kali ili tabibu aone risasi ilipojificha katika mwili wa majeruhi. Ni kisa cha kuchekesha kidogo, lakini mtu aliyewahi kusubiri jenereta liwashwe ili apigwe picha ya mguu uliovunjika hatakicheka sana.

Shirika la Afya Duniani nalo lililitambua jambo hili, na kuanzia miaka ya 1970 lilifadhili fikra ya mtambo sahili wa eksirei, wenye kupata nguvu zake katika betri, ulio na mikao michache ya kupigia picha iliyokwisha kuamuliwa, ili mtumishi asiye bingwa aweze kuutumia katika hospitali ndogo. Miongoni mwa walioisimamia fikra hiyo alikuwamo Philip Palmer, bingwa wa mionzi aliyekuwa amefanya kazi kusini mwa Afrika na kujua kwa macho yake hospitali za mbali zilivyo. Mimi huiona fikra hiyo kuwa ya insafu kuliko nyingi zilizokuja baadaye, kwa sababu ilianza na swali la nani atakuwapo pale, na umeme gani atakuwa nao, ndipo ikauliza mtambo uweje.

Na atakayetaka kuyaona haya kwa karibu aingie katika chumba cha picha cha hospitali yoyote ya wilaya asubuhi ya siku ya kazi. Kuta zake ni nene kuliko za vyumba jirani, mlango wake ni mzito, na juu yake ipo taa nyekundu ambayo ikiwaka haingii mtu. Mtaalamu wa mionzi amevaa kifuani kibandiko kidogo ambacho si pambo: ni kipimo cha kiasi cha mionzi kinachompata, nacho hupelekwa kusomwa kwa vipindi, chini ya usimamizi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa upya kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003. Benchi la nje limejaa: kijana wa bodaboda aliyefungiwa mkono kwa kibao, mtoto aliyeanguka kutoka katika mwembe, mzee anayekohoa tangu msimu wa mahindi. Anaitwa ajuza mmoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Vua shanga hizo, bibi, na hiyo sarafu uliyoifunga katika pindo la khanga, iweke hapa mezani nitakurudishia. Sasa egemeza kifua. Mabega mbele kidogo. Vuta pumzi. Izuie."

Mlio mfupi unasikika, na yote yamekwisha. "Pumua, bibi." Naye huuliza, kama wanavyouliza wengi, iwapo sasa atapata nafuu. Swali hilo si la ujinga hata kidogo. Mtu aliyetoka kijijini alfajiri, akalipa nauli, akalipa kipimo, akavua shanga alizozivaa tangu ujanani, ana haki ya kudhani kwamba ametibiwa. Na ni wajibu wa hospitali kumweleza kwa upole kwamba alichopata ni habari, na kwamba dawa iko mbele. Aidha iko mionzi inayotibu kweli, ile ya kuunguza saratani, lakini hiyo ni mitambo mingine yenye nguvu nyingine kabisa, na mgonjwa wa Kibondo anayeihitaji huelekezwa Bugando jijini Mwanza au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam.

Zamani, na si zamani sana, baada ya mlio ule ilifuata kazi ya chumba cha giza. Filamu ilitumbukizwa katika dawa ya kwanza, ikasuuzwa, ikatiwa katika dawa ya pili, ikasuuzwa tena, kisha ikaanikwa kwa vibanio. Na katika msimu wa mvua, ambao huku Buha ni mrefu kuliko wa pwani, ilichukua muda kukauka, hata tabibu mwenye haraka akaichukua ikiwa bado inachuruzika maji, akaielekeza dirishani kwenye mwanga wa mbingu na kuisoma hivyo hivyo. Mitambo ya dijitali imeiondoa adha hiyo, pamoja na gharama ya filamu na dawa zake, na picha leo huonekana katika kioo cha kompyuta mara moja. Lakini haikuondoa ugumu wa pili, ambao ndio mzizi wa maneno yangu: picha haijisemei yenyewe.

Eksirei ni kivuli. Mfupa huizuia mionzi, hewa huiachia, na vilivyo katikati, yaani damu, maji, usaha na nyama, hufanana sana hata vikashindwa kutofautishwa. Doa jeupe katika pafu laweza kuwa kifua kikuu cha leo, laweza kuwa kovu la kifua kikuu kilichopona miaka ishirini iliyopita, na laweza kuwa nimonia au uvimbe. Tanzania ina sababu ya kulijua hili kuliko nchi nyingi. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanzishwa mwaka 1977, ukisaidiwa na tabibu Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyekuwa akifanya kazi Uholanzi, uliamua jambo ambalo wengine waliliona kuwa ni kurudi nyuma: msingi wa kumtambua mgonjwa usiwe eksirei, uwe makohozi yaliyotazamwa kwa hadubini. Hadubini ilikuwa rahisi, iliweza kukaa katika kituo cha afya, na ilimwonyesha mgonjwa mwenye kuambukiza wenzake, ilhali eksirei ilikuwa ghali, ilikuwa mijini, na iliwatia wengi katika dawa za miezi mingi pasipo ugonjwa. Utaratibu ule wa Tanzania ndio uliokuja kuwa kielelezo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikieneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Nchi maskini iliyafundisha mataifa, na ilifundisha kwa kukataa kuistaajabia picha.

Nasema hivi si kwa kuidharau eksirei, maana kwa mfupa uliovunjika hakuna shahidi aliye mkweli kuliko yeye, na waunga mifupa wetu wa jadi, ambao wengine wana mikono ya ajabu, wangefanya kazi njema zaidi lau wangepata kuiona kabla ya kuvuta na kufunga. Nasema ili tuipime kila picha kwa kinachoweza kutendwa baada yake.

Kwa kipimo hicho, chombo kilichoifaa Buha kuliko vyote hakikutoka katika mionzi kamwe. Altrasaundi hutumia sauti, sauti nyembamba mno ambayo sikio la binadamu haliisikii, ikipelekwa mwilini na kurudi kama mwangwi, na mwangwi huo hugeuzwa kuwa taswira. Nasaba yake ni ya kiwandani. Ian Donald, profesa wa uzazi katika mji wa Glasgow, Uskoti, mwaka 1955 alichukua vivimbe alivyowatoa wagonjwa wake, akavipeleka katika kiwanda cha kuundia maboila, akavipima kwa kifaa ambacho mafundi walikitumia kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya chuma. Naye akaona kwamba kinachoiona kasoro ya chuma chaweza kuiona na ya mwili. Mwaka 1958, pamoja na John MacVicar na mhandisi Tom Brown, alitangaza matokeo katika jarida la Lancet. Wenyeji wa Kigoma, ambao bandarini kwao ingaliko Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikaletwa vipande vipande na kuungwa upya ziwani, hawatashangaa kusikia kwamba elimu ya kukagua vyuma imezaa elimu ya kuwakagua wajawazito.

Altrasaundi haina mionzi, haihitaji kuta nene, hula umeme mdogo, na leo zipo za kubebwa mkononi na hata za kuunganishwa na simu. Kwa sababu hiyo iliweza kufika mahali ambapo eksirei haikufika, na katika mkoa wa Kigoma mahali hapo palikuwa ni kambi za wakimbizi. Mwaka 2008, David Adler na wenzake walichapisha katika jarida la kimataifa la tiba ya dharura habari za mashine moja ya kubebeka iliyopelekwa kambi ya Lugufu, iliyokuwa ikiwahifadhi watu waliokimbia vita vya Kongo. Wahudumu wa pale pale kambini walipewa mafunzo ya muda mfupi, walimu wakaondoka, na mashine ikaendelea kufanya kazi kwa mamia ya vipimo mikononi mwa waliobaki. Watu husoma taarifa ya namna hiyo wakaisifu mashine. Mimi nawasifu waliobaki.

Kambi zenyewe zimekuwa sehemu ya historia ya afya ya wilaya hizi kiasi kwamba haiwezekani kuiandika moja bila nyingine. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996, ikapata kuwa na zaidi ya watu laki moja. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya Oktoba 2015 Warundi walipoanza kuvuka mpaka kwa wingi, na Madaktari Wasio na Mipaka wakaweka hospitali ndani yake. Mama anayetokwa na damu hana uraia machoni pa mkunga, na kwa miaka hii yote wenyeji wa vijiji vya jirani wamekuwa wakiingia katika hospitali za kambini, kama vile wakimbizi walivyokuwa wakipelekwa hospitali za wilaya na zile za misheni, kama Kabanga na Heri, mambo yanapozidi uwezo wa kambi.

Na tuliangalie jambo hilo la mama kwa makini, maana hapa ndipo thamani ya taswira hudhihirika na mipaka yake pia. Kondo la nyuma likitangulia na kuuziba mlango wa mji wa mimba, mama hawezi kujifungua kwa njia ya kawaida bila kuhatarisha maisha. Hana maumivu, hana homa, anatembea na kulima, na pengine dalili ya kwanza ni damu inayotoka ghafla usiku. Kiganja cha mkunga, hata kiwe na uzoefu wa miaka thelathini, hakiwezi kulijua hilo kwa yakini kutoka nje, na kulitafuta kwa kidole kutoka ndani ni hatari kubwa. Altrasaundi hulionyesha kwa dakika chache. Kadhalika huonyesha mimba iliyotunga nje ya mji, pacha wasiotarajiwa, mtoto aliyekaa kitako, na damu iliyovilia tumboni baada ya ajali. Fauka ya hayo humwongoza tabibu katika tiba yenyewe, kwa kuwa sindano inayonyonya usaha wa jipu la ini au maji yaliyojaa kifuani hupita salama zaidi njia yake ikionekana. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apate kipimo kimoja kabla ya wiki 24.

Lakini mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi tano, Kongo na Kenya zikiwamo, pamoja na Zambia, Pakistani na Guatemala, ambapo wahudumu wa vituo vya vijijini walifundishwa altrasaundi na wajawazito wakapimwa kwa utaratibu. Waliotarajia vifo vya mama na watoto vipungue hawakuyaona matarajio yao, wala kina mama hawakuongezeka kliniki kwa kuvutwa na mashine. Wapo walioghadhibika na matokeo hayo; mimi sioni sababu. Mama aliyeambiwa kwamba kondo limetangulia, kisha akarudishwa kijijini kwa kuwa hakuna gari, au akafika hospitalini akakuta hakuna wa kumpasua, amepewa habari tu, na habari haizuii damu.

Sasa, Kigoma ilikuwa imeanza na upande wa pili wa mizani. Tangu mwaka 2006, kwa fedha za taasisi ya Bloomberg na kwa usimamizi wa World Lung Foundation, na baadaye asasi ya Thamini Uhai, serikali iliimarisha vituo vya afya vya mkoa huu, ikawafundisha madaktari wasaidizi kufanya upasuaji wa kumtoa mtoto na wauguzi kutoa dawa ya usingizi, ili huduma ambayo zamani ilikuwa ya hospitali peke yake ishuke mpaka tarafani. Kwa maneno mengine, mkono ulitangulizwa, jicho likafuata. Nathubutu kusema kwamba huo ndio mpangilio ulio sahihi: altrasaundi katika kituo chenye chumba cha upasuaji kinachofanya kazi ni neema, na katika kituo kisicho nacho mara nyingi ni huzuni iliyotangulia wakati wake.

Juu ya ngazi hii iko mashine ya CT, ambayo huukata mwili vipande kwa mionzi na hesabu, na kumwonyesha tabibu damu iliyovuja ndani ya fuvu la aliyeanguka na pikipiki. Godfrey Hounsfield wa Uingereza aliiunda, na mgonjwa wa kwanza alipimwa tarehe 1 Oktoba 1971. Lakini hesabu zake zilikuwa zimekwisha kufikiriwa na Mwafrika wa kuzaliwa, Allan Cormack wa Johannesburg, ambaye mwaka 1956 alikuwa akisimamia mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, akaona kasoro katika namna dozi za wagonjwa zilivyokadiriwa. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Hapa kwetu, kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, ule wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kwa ajili ya UVIKO-19, serikali ilinunua mashine hizo kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, na mgonjwa wa Kasulu ambaye zamani angeelekezwa Mwanza sasa hutazamia kupimwa Maweni, mjini Kigoma, umbali wa takriban kilomita mia moja. Kwa fuvu linalovuja damu, tofauti ya safari hizo mbili ni tofauti ya uhai na mauti, ingawa hapo tena huja swali la nani atakayelifungua fuvu hilo, na jibu aghalabu bado liko mbali.

Aidha huja swali la nani atakayeisoma picha. Madaktari bingwa wa mionzi ni wachache nchini, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Picha ya dijitali ina fadhila ya kusafiri kwa mtandao, ikasomwa Dar es Salaam na majibu kurudi siku ile ile, ili mradi mtandao upo. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliruhusu programu za kompyuta zisome eksirei za kifua kwa ajili ya kuchuja kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Programu hutoa alama, na mwenye alama ya kutiliwa shaka hupimwa makohozi. Styblo asingelichukia jambo hilo, nadhani, kwa kuwa kauli ya mwisho imebaki katika makohozi. Kwa kambi za wakimbizi, ambamo watu hulala kwa msongamano na kikohozi cha mmoja huwa shauri la wote, uchujaji wa namna hii una manufaa makubwa.

Ambalo halina programu ya kulitatua ni ukarabati. Bomba la eksirei lina umri wake, kama gari lilivyo na umri wake wa matairi, na likifa hununuliwa kwa fedha nyingi kutoka nje. Kichwa cha altrasaundi kikianguka sakafuni mara moja, nusu ya taswira hutoweka. Na umeme wa gridi, ambao tumeufurahia, nao huja na kukatika, na kila mkatiko huvitesa vyombo. Yumkini mtu akaikuta mashine ya mamilioni imefunikwa shuka safi kwa miezi, ikingoja fundi kutoka mbali, huku mgonjwa akipanda basi. Ndiyo sababu mwenye kuandika zabuni ya mashine ijayo ya Kibondo ningemtaka aandike katika karatasi ile ile, kabla ya bei na kabla ya jina la mtengenezaji, fundi atakayeitengeneza anakaa mji gani, vipuri vitalipiwa kutoka kasma ipi, na mshahara wa atakayezisoma picha umetengwa kwa miaka mingapi.